Wamelipia mchezo, umezimwa

Hivi, msomaji, ukinunua mpira dukani, muuzaji anaweza kukufuata nyumbani miaka tisa baadaye auchukue? Kwenye michezo ya kompyuta limetokea.

Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa mbio za magari, The Crew, mwaka 2014. Machi 31, 2024 ilizima seva zake. Kwa kuwa mchezo huo haukuchezeka bila intaneti, hata aliyekuwa na diski mkononi alibaki na kipande cha plastiki.

Nakubali, seva zina gharama, na hakuna wa kuziendesha milele. Kinachonikera ni lile neno "nunua". Kilichouzwa ni ruhusa ya kutumia tu, tena imefichwa kwenye masharti marefu ambayo (tuseme ukweli) nani huyasoma? Jimbo la California, Marekani, limeanza kulibana neno hilo: tangu Januari 1, 2025 muuzaji anatakiwa kumweleza mteja waziwazi kuwa anapewa leseni.

Wachezaji wa Ulaya wanadai zaidi: kampuni ikiondoka, iache mchezo unachezeka. Saini zao zilivuka milioni moja Julai 2025. Na kumbe inawezekana, maana mwaka huohuo Ubisoft hiyohiyo iliufanya The Crew 2 uchezeke bila intaneti.