Kiingilio Kisipotosha, Je, Mchezo Umeshindwa?

Kundi la sanaa likija kuonyesha mchezo wa kuigiza Handeni mjini au Korogwe, mkoani Tanga, gharama hutangulia wasanii: nauli, kodi ya ukumbi, muziki wa kukodi, chakula na malazi. Fedha ya kulipia yote hayo hutarajiwa kutoka mahali pamoja, kiingilio cha mlangoni. Kisipotosha, kesho yake neno ni moja tu: wamefeli. Wenye kusema hivyo hujitetea kwa methali, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika sanaa ya jukwaani methali hiyo haitoshi kuwa hakimu.

Hata Broadway, mtaa wa kumbi maarufu jijini New York ambako biashara hii ni kubwa kuliko kokote, hesabu na ubora haviendi pamoja. Kule wawekezaji hutoa mtaji wa kuandaa mchezo. Mapato ya tiketi ya kila wiki hulipa kwanza mishahara, kodi na matangazo ya wiki hiyo, na kinachobaki ndicho kinachorudisha mtaji. Kwa hiyo mchezo unaweza kupata watazamaji wengi kwa miaka na bado ukala hasara. Spider-Man: Turn Off the Dark uliandaliwa kwa takriban dola milioni 75, ukachezwa zaidi ya mara 1,000, kisha ukafungwa Januari 2014 kwa hasara iliyokadiriwa kufikia dola milioni 60. Merrily We Roll Along wa Stephen Sondheim ulifunguliwa Novemba 1981 na kufungwa baada ya maonyesho 16. Uliporudi Broadway mwaka 2023, ukiwa umerekebishwa lakini kiini chake kilekile, watu waligombea tiketi, na mwaka 2024 ulitwaa tuzo ya Tony. Aliyeuzika mchezo huo mwaka 1981 kwa kutazama daftari la mapato aliuzika ungali hai.

Mlango hupima mfuko wa mtazamaji kabla ya kupima kazi ya msanii. Wakazi wa Korogwe, waliotegemea mashamba ya mkonge, wanalielewa hili kuliko wengi. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000. Penye mshahara wa mwisho wa mwezi pana mtu wa kulipa kiingilio. Mshahara ukikatika katika mashamba kama ya Ngombezi na Magoma, hata mchezo bora hukosa mnunuzi. Handeni nako, mkulima anayetegemea mahindi na mvua isiyotabirika ana fedha baada ya mavuno, na hana katika miezi ya njaa. Igizo lilelile, wasanii walewale, litajaza ukumbi mwezi mmoja na kuuacha mtupu mwezi mwingine.

Upande wa pili, umati nao si ushahidi kamili. Maigizo mengi vijijini leo hulipiwa na wafadhili wa kampeni za afya, elimu au mazingira, na watazamaji huingia bure. Uwanja ukijaa, tumejua kwamba watu walikuja. Hatujajua kama wameguswa.

Kipimo cha kweli ni kile ambacho mchezo ulikusudia kufanya, na kilichobaki kwa watu baada yake. Katika hili Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya, inatupa jibu zito. Wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikaifutia kibali. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kwa daftari la mapato, hayo ni maafa. Lakini mwaka 2022 tamthilia hiyo ilichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho jijini Nairobi. Mwaka 1977 wanakijiji waliokuwa wamezoea kuambiwa wanyamaze walisimama jukwaani wakasema kwa lugha yao, na hilo halikufutika pamoja na kibali.

Hapa kwetu tuna tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya, wakiwamo wengi ambao hawajawahi kuiona ikichezwa. Ni ushindi mkubwa wa kitabu. Lakini tamthilia iliandikwa ili mwili wa mtu uibebe mbele ya watu, na kuijua kwa ajili ya mtihani tu ni kuijua nusu.

Hata hivyo, tusiutumie ushindi wa kisanaa kuwapunja wasanii. Sifa hailipi kodi ya nyumba. Kundi lililogusa mioyo ya watu kisha likarudi bila nauli limefaulu kisanaa na limeshindwa kimaisha, na yote mawili yasemwe waziwazi. Likivunjika kwa madeni, igizo lake bora linalofuata halitazaliwa.

Msimamo wangu ni huu: mchezo unaosuasua kifedha unaweza kuitwa wenye mafanikio, ikiwa ulitimiza lengo lake, ukaacha watu wanaouzungumza, na ukabakiza wasanii wenye uwezo wa kuucheza tena. Sharti la tatu si kazi ya wasanii peke yao. Halmashauri za Handeni na Korogwe zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya sanaa vyenye sifa vihesabiwe humo kama vya ufugaji na ushonaji. Na wewe msomaji, kundi litakapopita mtaani kwako, lipa kiingilio, ingia, utazame mpaka mwisho, ndipo useme kama limefaulu au limefeli.