Kabla ya kununua baiskeli ya mbio, uliza chapa yake imemsaidia nani

BUKAVU – Kijana wa Muhumba anayetafuta baiskeli ya mbio huanza na bei. Kisha huuliza kama fremu na gia zitahimili milima ya Bukavu, na vipuri atavipata wapi. Swali jingine husahaulika: kampuni inayoitengeneza imewasaidia chipukizi gani?

Jibu moja liko jirani, ng'ambo ya mto Ruzizi. Tom Ritchey, Mmarekani mwenye chapa ya Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005. Mwaka uliofuata alisaidia kuandaa mbio zilizowashirikisha hata wenye baiskeli za mbao. Mwaka 2007 ikazaliwa Team Rwanda, chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Adrien Niyonshuti, mmoja wa vijana wake wa mwanzo, alibeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London 2012. Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Mafanikio hayo si ya chapa moja. Lakini vijana hao walipata baiskeli na kocha kabla ya kuwa na jina.

Hicho ndicho kipimo. Nembo kwenye jezi ya bingwa ni tangazo. Matairi na minyororo kwa mbio za mtaani ni msaada. Bei na ubora vikikaribiana, chapa inayowakumbuka wanaoanza ndiyo ya kuchagua. Na klabu inayonunua kwa pamoja inaweza kuuliza swali hilo kabla ya kulipa.