Kenya: Wito wa mahakama kwa barua pepe na ushahidi uliomo katika daftari la seva

Tangu mwaka 2020, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai nchini Kenya zinaruhusu hati ya wito kupelekwa kwa mdaiwa kwa barua pepe. Kanuni ya 22B ya Amri ya 5 inaeleza kwamba wito huhesabiwa kuwa umefikishwa pale mtumaji anapopata risiti ya kufikishwa, na risiti hiyo huambatanishwa na hati ya kiapo inayowasilishwa mahakamani. Mdaiwa asiyejitokeza baada ya hapo anaweza kutolewa hukumu akiwa hayupo. Hivyo swali lililokuwa la mafundi, yaani barua iliishia wapi hasa, sasa ni swali la kisheria.

Seva inayopokea barua pepe hujibu kwa namba 250. Kwa mujibu wa itifaki ya SMTP, maana yake ni kwamba seva imeipokea barua na kubeba dhamana ya kuifikisha, au kutoa taarifa ikishindwa. Jibu hilo halisemi kwamba barua imewekwa katika kisanduku cha mlengwa, sembuse kwamba imesomwa.

Baada ya hapo huanza kazi ya kichujio. Programu kama Procmail, iliyoandikwa na Stephen van den Berg mwaka 1990, hufuata maagizo ya mwenye anwani: barua hii iingie kwenye folda fulani, ile ipelekwe kwa karani, nyingine itupwe. Ikiamriwa kuweka daftari, huandika kwa kila barua anwani ya mtumaji, tarehe, kichwa cha barua, mahali ilikopelekwa na ukubwa wake kwa baiti. Ni mistari mitatu tu, lakini ina uzito. Iwapo mahali palipoandikwa ni /dev/null, barua ilitupwa kusikorejeka, ingawa mtumaji ana jibu la 250 mkononi.

Barua inayopelekwa kwenye anwani nyingine ina matata zaidi. Seva ya pili huiona ikitoka kwenye seva ya kwanza, si kwa mtumaji wa asili, kwa hiyo inaweza kuanguka katika ukaguzi wa SPF, unaoangalia ni seva zipi zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa husika. Ikikataliwa papo hapo, daftari la seva ya kwanza litaonyesha. Ikipokelewa kisha ikatiwa kwenye folda ya barua taka, ni seva ya pili pekee inayojua.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Seva nyingi huandika majira ya UTC, yaliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Mstari unaosema 14:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, na wito uliotumwa nje ya saa za kazi huhesabiwa kuwa umefikishwa siku ya kazi inayofuata.

Daftari likitolewa kama ushahidi, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka liambatane na cheti. Tatizo ni kulipata. Mpangilio wa kawaida wa programu ya logrotate kwenye Linux huhifadhi madaftari ya wiki nne tu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kuweka taarifa binafsi kwa muda unaopita mahitaji. Wakili anayeomba nakala miezi mitatu baada ya wito huenda akakuta risiti pekee ndiyo iliyosalia.