Mchezo ni wa kila mtoto



Katika vijiji vya Kivu ya Kusini tunakusanya watoto wa makabila mbalimbali wacheze pamoja na kuzoeana. Lakini kwa muda mrefu tulikuwa na kosa: watoto wenye ulemavu walibaki nyumbani, au walikaa pembeni ya uwanja kulinda viatu vya wenzao. Tulifundisha amani huku ubaguzi mwingine ukiendelea mbele ya macho yetu.

Mama mmoja alitufungua macho. Mwanawe ni kiziwi. Siku risasi zilipolia, watoto wote walikimbia, lakini yeye aliendelea kucheza na udongo. Hakusikia, na hapakuwa na mwenzake wa kumshika mkono. Mama alirudi mbio kumchukua. Tangu hapo tunasema: rafiki wa mchezo ni kinga pia.

Wazazi wengine huficha mtoto wakiogopa atachekwa, au wakiambiwa amelogwa. Ulemavu si laana. Mara nyingi unatokana na uzazi mgumu, menenjiti, polio, malaria kali au ajali. Na mchezo si zawadi ya huruma. Ni haki iliyoandikwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, na katika Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 30. Nchi yetu iliuridhia wa kwanza mwaka 1990 na kujiunga na wa pili mwaka 2015.

Je, tufanye nini? Tusibadili mtoto, tubadili kanuni ya mchezo:

1. Kwa asiyeona: funga mpira ndani ya mfuko wa plastiki ili usikike ukibingirika. Wengine wanyamaze mpira unapokuja kwake.

2. Kwa asiyesikia: pamoja na filimbi, inua kitambaa chenye rangi kali. Watoto wote wajifunze ishara chache: simama, njoo, kimbia, hatari.

3. Kwa asiyetembea: wote waketi chini na kurushiana mpira juu ya kamba. Hapo miguu haihesabiki.

4. Kwa anayechelewa kuelewa: eleza kwa maneno machache, onyesha kwa vitendo, rudia bila kukasirika.

5. Kila mtoto awe na mwenzake, na wawili hao wabadilishwe kila juma, ili asibaki na rafiki mmoja tu.

Kabla ya yote, muulize mtoto mwenyewe anachopenda, na asilazimishwe. Kumwachia ashinde kila mara nako ni kumdharau.

Hayo yote hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji mtu mzima anayeuliza, kabla ya kupiga filimbi: "Nani hayupo?" Tuanze na swali hilo juma hili, kila mmoja katika mtaa wake, na tubishe hodi kwenye mlango ule ambao mtoto wake haonekani.