Kuutafuta Umri wa Baiskeli ya Babu

Tuseme ndugu wawili wa Dagoretti wamerithi baiskeli ya marehemu babu yao. Ni Humber nyeusi, ndefu, yenye breki za vyuma na gia tatu, nayo imelala ghalani miaka mingi chini ya magunia. Mkubwa ashikilia kwamba babu aliinunua mwaka 1946, kwa fedha alizopewa alipoachishwa jeshi la K.A.R. baada ya vita vya Burma. Mdogo asema hizo ni hadithi za jioni tu, na tayari amekwisha kusema na mnunuzi wa vyuma chakavu wa Kawangware, ambaye ataipima kwa kilo. Tena yuko bwana mmoja wa Karen anayekusanya baiskeli za kale, naye yu tayari kulipa zaidi ya bei ya chuma, ila ataka kwanza kujua baiskeli ni ya mwaka gani.

Swali hili si geni Nairobi. Kwa miaka mingi baiskeli za namna hii, ambazo watu huziita black mamba, zilichukua maziwa, mboga na makaa kutoka Dagoretti na Kikuyu mpaka masoko ya mjini, na zilizosalia bado zaonekana huku na huku Kangemi na Uthiru. Wenyewe wengi hawajui umri wake. Hata hivyo baiskeli hubeba mashahidi wake yenyewe, mradi mtu ajue pa kuwatafuta, na awe na subira ya kuwasikiliza wote kabla ya kukata shauri.

Shahidi wa kwanza ni nembo ya mbele, chini ya usukani. Jina la kiwanda peke yake halitoshi, maana viwanda vya Uingereza vilinunuana mara kwa mara. Raleigh wa Nottingham waliitwaa Humber mwaka 1932, wakaitwaa Rudge mwaka 1943, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 wakaungana na kundi lililokuwa na Phillips na Hercules. Kwa hiyo jina la mji huenda likasema zaidi kuliko jina la baiskeli. Rudge iliyoandikwa Coventry ni ya zamani kuliko Rudge iliyoandikwa Nottingham. Na ikiwa nembo yataja Jamhuri ya Watu wa China, mtu asijisumbue kuitafutia mwaka kabla ya 1949. Vivyo hivyo, Hero ya Ludhiana, India, haiwezi kuwa ya kabla ya 1956, mwaka ambao kiwanda hicho kilianzishwa.

Shahidi wa pili ni mng'ao wa vyuma. Kabla ya mwaka 1930 hivi, usukani na pedali zilipakwa nikeli, ambayo ina weupe wa kuelekea manjano. Baadaye ikaja kromu, yenye weupe wa kuelekea buluu, nayo haififii upesi. Katika miaka ya vita vya 1939 hadi 1945 madini yalikuwa haba, hata viwanda vikapaka rangi nyeusi sehemu nyingi zilizokuwa ziking'aa. Basi usukani mweusi wa tangu kiwandani ni dalili ya vita, lakini usukani mweusi wa brashi ya fundi wa juzi si dalili ya kitu chochote.

Shahidi wa tatu ndiye anayependwa sana, tena ndiye anayepotosha watu zaidi. Juu ya ganda la habu ya nyuma ya Sturmey-Archer yenye gia tatu, kiwanda kilikuwa kikigonga nambari za mwaka, na mara nyingi za mwezi pia. Tuseme ndugu wetu wameifuta girisi wakaona herufi AW na nambari 51. Mdogo ashangilia: baiskeli ni ya 1951, na hadithi ya kaka yake imekwisha! Lakini nambari ile ni cheti cha habu, wala si cheti cha baiskeli. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo, na barabara za Dagoretti zilivunja spoku na rimu bila huruma. Fundi akikosa la namna ile ile alitia lolote alilokuwa nalo. Yafaa kwanza kulilinganisha na gurudumu la mbele. Ikiwa rimu ni za aina moja, kutu yake ni sawa, na mistari ya rangi yafanana, huenda yote mawili yametoka kiwandani pamoja. Ikiwa hayafanani, habu itoke mahakamani, aitwe shahidi mwingine.

Huyo ni fremu, maana fremu ndiyo hubadilishwa mwisho. Nambari yake huwa imegongwa karibu na kiti au chini kwenye mhimili wa pedali. Isikwanguliwe kwa kisu. Ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha isuguliwe kwa chaki nyeupe, nayo itasomeka. Baiskeli za Nottingham za kuanzia mwaka 1973 husomeka kwa wepesi: herufi N, kisha herufi ya mwezi, kisha tarakimu ya mwaka. Za kabla ya hapo hazikufuata mpango mmoja, na nambari peke yake aghalabu huchanganya. Katika Uingereza kiko chama cha wapenda baiskeli za kale, Veteran-Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka 1955, ambacho huwasaidia watu kulinganisha nambari hizo na kumbukumbu zilizosalia.

Lakini Nairobi ina shahidi wake wa pekee, ambaye wageni hawamjui. Baadhi ya wenye maduka walibandika kikaratasi cha anwani yao juu ya fremu, na majina ya barabara za mji huu yamebadilika pamoja na serikali. Maneno "Kenya Colony" ni ya kati ya mwaka 1920 na Uhuru wa Desemba 1963. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue baada ya Uhuru. Victoria Street haikuitwa Tom Mboya Street mpaka baada ya kifo chake mwaka 1969, na Government Road ilingoja enzi ya Rais Moi, iliyoanza 1978, ndipo ikawa Moi Avenue. Kibati chochote kinachotaja Jiji la Nairobi hakiwezi kutangulia tarehe 30 Machi 1950, siku mji ulipopewa hadhi hiyo. Aliye na nafasi aweza kuendelea mpaka Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, au maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 (zamani ya Wazungu peke yao), akapekue matangazo ya magazeti ya kale.

Hapa ndipo rangi mpya inapoleta hasara. Mafundi wengi, kwa nia njema kabisa, hupiga msasa fremu yote na kuipaka nyeusi, na kwa saa moja kikaratasi cha duka, mistari ya kiwanda na jina la mji vimekwenda na vumbi.

Ama ndugu wa Dagoretti, nembo yao yasema Nottingham, na vyuma ni vya kromu. Hayo hayamkatai mkubwa wala mdogo. Rimu za mbele na nyuma hazifanani. Kwa hiyo 51 ya habu haimshindi mkubwa, ijapokuwa haimpi ushindi pia. Bado halijafunguliwa sanduku la babu, ambamo mna cheti cha kuachishwa jeshi na risiti zilizofungwa kwa uzi, na nambari ya fremu haijapakwa chaki. Mnunuzi wa vyuma aambiwe arudi wiki ijayo.