MASHINI INAKATAA KUAMKA: TUANGALIE KWANZA DISKI YA INJE



Mwezi uliopita ilibaki kidogo tu pointi zote za mwaka wa sita zipotee. Maneno mengi yalisemwa mu lupango juu ya habari ile, na mengine hayakuwa ya kweli. Kwa hiyo sisi wa kikundi cha mashini tumeona vizuri kueleza mambo namna yalivyokuwa, na kuonyesha njia ya kufuata siku ingine.

Ilikuwa siku ya ine, asubuhi. Sekretere aliwasha mashini ya ofisi. Badala ya Windows kuonekana, kioo kilibaki cheusi, na maneno machache ya Kiingereza: « Remove disks or other media. Press any key to restart. » Alibonyeza, maneno yakarudi. Alizima, akawasha tena, ni vilevile. Waliita fundi mmoja wa mjini. Yeye aliona neno « disks » tu, akasema: « Diski imekufa. Tufute yote, tuweke Windows mpya. » Na pointi za mwaka muzima zilikuwa ndani! Kopi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya semestre ya kwanza paka.

Bwana Prefe alikuwa karibu kukubali. Hapo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano, aliyeleta chaki, aliuliza kwa heshima: « Bwana Prefe, ile diski ya inje iko mu mashini tangu wakati gani? » Kumbe, jana yake mangaribi, grupu ilizimika wakati sekretere alikuwa ananakili barua, na diski ile ilibaki imeingizwa. Wakaitosha. Wakawasha. Kisha dakika mbili Windows ilionekana, na pointi zote ziko.

Ndugu, maneno yale ya kioo yalikuwa yanasema wazi: « Tosheni diski. » Kila juma tunasoma Kiingereza mu darasa, lakini siku ile hakuna aliyekisoma. Tusiwacheke wengine. Hata sisi tungeogopa.

MASHINI INAAMKA NAMNA GANI?

Wakati tunabonyeza butoni, mashini haijui kitu. Haijui hata kama Windows iko. Kuna programu moja ndogo iliyoandikwa ndani ya mashini yenyewe, haiko ku diski: inaitwa BIOS, ao UEFI mu mashini za sasa. Hiyo ni kama sentinele wa usiku. Kazi yake ni kupima viungo vya mashini, halafu kuamsha mtu wa kwanza ambaye jina lake liko ku liste aliyopewa.

Mtu yule wa kwanza ni programu mwamshaji. Ku diski za namna ya zamani anakaa mu fasi ya kwanza kabisa ya diski, fasi ya bayiti 512 tu. Mpango huo ulianza mwaka 1983, pamoja na PC DOS 2.0 ya mashini za IBM. Mu bayiti zile 512, 446 ni za mwamshaji, 64 ni za kuonyesha namna diski imegawanywa, na 2 za mwisho ni alama ya kusema « fasi hii ni ya kuamkia ». Bayiti 446 ni kidogo sana. Kwa hiyo huyu anaamsha mwenzake mukubwa zaidi, na yule mukubwa ndiye anaamsha Windows ao Linux. Ni sawa vile ku interna: mwenye zamu anapiga kengele, wapishi wanaamka, halafu sisi wote.

KWA NINI DISKI YA INJE INALETA SHIDA?

Tumeona sababu ine.

a) Liste ya sentinele. Mashini mingi imepangwa kutafuta kwanza ku USB, nyuma ku diski ya ndani. Diski ya inje ikiwa na ile alama ya bayiti mbili, sentinele anamwamsha mgeni. Mgeni hajui kitu cha nyumba hii, anaandika tu: « Remove disks ». Hii ndiyo shida iliyotupata.

b) Hesabu ya diski inabadilika. Bila diski ya inje, diski ya ndani ni ya kwanza. Ukiingiza ingine, mara ingine ile ya inje inakamata namba ya kwanza, na ya ndani inakuwa ya pili. Mwamshaji aliyeambiwa « enda ku diski ya kwanza » anaingia mu nyumba isiyo yake.

c) Mwamshaji aliwekwa ku diski isiyo yake. Hii inaonekana sana ku Linux. Mutu anaweka Ubuntu ku diski ya inje, lakini mwamshaji wake, anayeitwa GRUB, anaandikwa ku diski ya ndani. Ukitosha diski ya inje, GRUB anatafuta vitu vyake, anakosa, na kuandika: « error: no such device », na chini yake « grub rescue> ». Hapa ni kinyume: diski ikiwa inje, mashini inaamka. Ukiitosha, inakataa.

d) Umeme. Diski ndogo ya inje inakula umeme wa mashini. Fasi ya USB 2.0 imepangwa kutoa miliampere 500, ya USB 3.0 miliampere 900. Diski ikikosa nguvu, inaanza kuzunguka na kusimama, na sentinele anabaki anaingoja. Kioo kinasimama ku alama ya kampuni, bila neno lolote.

TUFANYE NINI?

Kwanza: tusiguse kitu, tuandike maneno ya kioo ku karatasi, neno kwa neno. Aliye na simu ya picha, apige picha.

Pili: tuzime mashini. Tutoshe kila kitu cha USB: diski, flashi, hata simu iliyowekwa kuchaji. Halafu tuwashe. Ikiamka, diski ya ndani ni nzima, na hakuna sababu ya kufuta kitu.

Tatu: tupange liste upya. Wakati wa kuwasha, tubonyeze F2 ku mashini mingi za Dell, F10 ku za HP. Tutafute fasi inayoandikwa « Boot », tuweke diski ya ndani ya kwanza, na USB nyuma yake. Tukipenda kuamkia ku USB siku moja tu, hakuna lazima ya kubadilisha liste: F12 ku Dell, ao F9 ku HP, inatuachia kuchagua kwa mara ile moja.

Ine: ikiwa ni « grub rescue> », turudishe kwanza diski ya inje, tujaribu. Ikiamka, tufungue Linux, tuandike lsblk ili kuona diski zote na ukubwa wao. Hapa tuwe na akili, kwa sababu jina sda linaweza kuwa la diski ya inje. Tukijua kwa hakika jina la diski Linux inamokaa, tuandike sudo grub-install pamoja na jina lile, mufano /dev/sdb, nyuma yake sudo update-grub. Diski ya inje sasa ina mwamshaji wake. Ikiwa Windows iko ku diski ya ndani, tuirudishie mwamshaji wake pia: tuamkie ku DVD ya Windows, tuingie fasi ya kutengeneza, tuandike bootrec /fixmbr. Hiyo inaandika upya zile bayiti 446 paka, haiguse barua zetu. Lakini njia hii ni ya mashini za BIOS. Mashini za UEFI hazifuate fasi ile ya bayiti 512, zinatafuta faili la mwamshaji mu sehemu ndogo ya diski, na zina liste yao ya majina.

Tano: ikiwa tumetosha kila kitu, na mashini ingali inasema « No bootable device », hapo diski ya ndani inaweza kuwa na ugonjwa. Hata hapo tusifute. Tuamkie ku flashi ya Linux, tunakili barua zetu, nyuma tutengeneze.

SHAURI LETU

Kufuta diski ni dawa ya mwisho kabisa, si ya kwanza. Mutu akituambia « tufute », tumuulize maulizo mawili: Umetosha vitu vya inje? Umenakili barua? Akikosa kujibu, tumwombe angoje.

Na jambo lingine. Tangu siku ile, sekretere ananakili pointi kila posho ku diski mbili, na anazitosha mbele ya kuzima mashini. Moja inabaki ofisini, ingine inakaa kwa Bwana Prefe. Tunamshukuru. Mwanafunzi aliyeuliza ulizo lile hakupenda tuandike jina lake. Anasema yeye aliuliza tu. Sisi tunasema, kuuliza kwake kuliokoa kazi ya mwaka muzima ya walimu na ya ndugu zetu wa mwaka wa sita.

Aliye na shida ya mashini, atuone posho kisha saa nane mu chumba cha mashini. Asisahau kuleta karatasi yenye maneno ya kioo.

Ni sisi, kikundi cha mashini.