Masikio Huziba kwa Nini Tukiteremka Kutoka Kitale?

Wengi wetu tumepanda matatu Kitale kwenda Bungoma. Mkishapita Kamukuywa mkiteremkia Webuye, masikio yanaziba kama yametiwa pamba. Unameza mate, sikio linalia "pwa!", na kelele za makanga zinarudi.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Njia yake ya hewa ni moja tu: mrija mwembamba, sentimita 3.5 hivi kwa mtu mzima, unaoteremka hadi nyuma ya pua. Eustachi, daktari Mwitaliano, aliueleza katika karne ya 16, na unaitwa kwa jina lake. Wakati mwingi umefungwa, na ni vizuri hivyo. Ungekaa wazi tungesikia pumzi zetu zikivuma kichwani. Ukimeza au ukipiga miayo, misuli ya kaakaa laini huuvuta ukafunguka, hata sekunde moja haiishi, kisha unajifunga wenyewe.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma 1,400 hivi. Tukiteremka, hewa ya nje huzidi nguvu na kusukuma kiwambo ndani. Kumeza kunaingiza hewa chumbani, pande mbili zikawa sawa. Kurudi juu si taabu sana, hewa hujitoa yenyewe.

Taabu ni kwa watoto wachanga. Mrija wao ni nusu ya wetu hivi, tena umelala, hauna mteremko mzuri. Mafua yakiuvimbisha, haufunguki hata mtoto akimeza. Hewa ya chumbani huisha, majimaji yanajaa, na vijidudu vikiingia yanakuwa usaha. Kiwambo chaweza kutoboka. Tumekutana na watoto shuleni walioitwa wazito wa kichwa, wakachapwa pia, kumbe hawasikii mwalimu.

Mama akiwa safarini ampe mtoto titi pale kwenye mteremko, maana kunyonya ni kumeza. Anayetumia chupa asimlaze chali, kichwa kiinuke. Mafuta ya moto na njiti ya kiberiti visiingie sikioni, hata kama nyanya amesema. Sikio likitoa usaha, mpelekeni mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Usaha ukikauka, mrudisheni mhudumu achungulie ndani, kwani kukauka si kupona. Na mkiona uvimbe nyuma ya sikio, nendeni hospitali, msingoje kuche.